Ukuta ukilowa: piga hesabu kabla hujapigwa

Mama mdogo alinipigia simu Aprili 2024, masika yamepamba moto. "Mwanangu, ule ukuta umeanza tena kutoa unga." Ilikuwa mara ya tatu. Nyumba yake iko Tegeta, Dar es Salaam, ya tofali za inchi sita, na bafu limepakana na sebule. Mara mbili alishaita fundi, na mara zote mbili fundi alikwangua, akapaka, akachukua shilingi 180,000, akaondoka. Mimi ni fundi lipu na rangi, nikamwambia asubiri mvua zikate niende mwenyewe.

Naandika haya kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiuliza, "Kutengeneza ukuta uliolowa ni bei gani?" Hilo ni sawa na kumuuliza fundi gereji gari ikigoma ni shilingi ngapi. Bei inategemea maji yametoka wapi, na hilo utalijua wewe mwenye nyumba kabla ya fundi yeyote.

Hatua ya 1: Umeme

Kama doa limekaribia soketi au swichi, zima meinswichi, muite fundi umeme aitenge laini hiyo. Ukuta uliolowa ukikupa hata mtekenyo mdogo ukiugusa, ondoka.

Hatua ya 2: Lisome doa

Doa la njano au kahawia lenye pete, linaloanzia darini na kukolea mvua ikinyesha, ni bati: msumari umelegea, kofia ya paa imekaa vibaya, au pale paa mbili zinapokutana pamejaa majani. Unyevu ulioanzia sakafuni na kupanda ukuta mzima kwa usawa, kwa kawaida haufiki mita moja, unatoka ardhini, nailoni ya msingi haikuwekwa au imetoboka. Doa chini ya AC ni lile bomba jembamba la kutoa maji limeziba, kalizibue usinipigie simu. Doa lililong'ang'ania sehemu moja, masika au kiangazi, ni bomba ndani ya ukuta.

Nilifika kwa Mama mdogo mwanzoni mwa Juni. Mvua zimekata, na ukuta bado umelowa. Hapo tu nilipaswa kushtuka. Sikushtuka.

Hatua ya 3: Tafuta maji yanakotoka

Hapa ndipo nilipopoteza siku nne, kwa hiyo nitakuwa na maneno mengi.

Kila mtu atakwambia funga bomba zote za ndani, nenda kwenye mita, ukiona kile kigurudumu kidogo kinazunguka basi kuna uvujaji. Nikafanya hivyo. Mita imetulia tuli. Nikamwambia Mama mdogo kwa sauti ya mtaalamu kwamba bomba ziko salama, maji yanatoka ardhini. Tukalipa vijana 50,000 wachimbe pembeni mwa msingi siku mbili nzima. Wakaufikia msingi, mkavu kabisa, hauna hata alama.

Nilikuwa nimelisahau simtanki. Nyumba nyingi za Dar maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, hayaingii ndani moja kwa moja, yanapanda kwanza kwenye tangi, ndiyo yanashuka kwenye bomba za nyumba. Tangi likijaa, boya linafunga, mita inalala. Bomba la ndani linaweza kuvuja usiku kucha na mita isijue kitu mpaka maji ya tangi yashuke na boya lifunguke. Kipimo cha mita kinakuhakikishia kipande cha kutoka mita hadi tangi, basi.

Kwa hiyo pima tangi lenyewe. Usiku, watu wakishaoga, lijaze, kisha funga koki ya maji yanayoingia. Usilitegemee boya. Chukua fito iliyonyooka, itumbukize mpaka iguse chini, itoe, weka alama kwa kalamu pale maji yalipoishia. Asubuhi kabla mtu hajagusa bomba, rudia. Kwenye tangi la lita 1,000, sentimita moja ni karibu lita 10. La kwetu lilishuka sentimita sita.

Sasa tahadhari. Usiku ule wa kwanza mjukuu aliamka kwenda chooni, akaflashi, kwa hiyo kipimo kikawa cha uongo. Usiku wa pili tuliweka ndoo ya maji chooni, nikawatangazia wote kama mwenyekiti wa mtaa. Zikashuka sentimita nne, karibu lita 40 zimeenda ukutani.

Kabla ya kuvunja chochote, mshuku choo kwanza. Mwaga unga wa juisi ya rangi kali kwenye tangi la kuflashi, subiri nusu saa bila kuflashi. Rangi ikitokea kwenye bakuli, mpira wa ndani umekwisha, utabadilisha kwa hela ndogo na ukuta hautaugusa. Choo chetu kilikuwa kizima.

Usiku wa tatu nikafunga koki ya laini ya heater peke yake. Asubuhi fito ikatoka na alama ileile ya jana usiku. Basi mbaya wetu ni laini ya maji moto. Tulitoa tailizi mbili tu nyuma ya bomba la mvua la bafu, tukakuta kona ya PPR (bomba la plastiki linalounganishwa kwa joto) iliyochomwa vibaya, inatoa uzi wa maji mwembamba kama wa cherehani. Fundi bomba, vifaa na kazi: 60,000.

Kama nyumba yako haina koki ya kutenga kila laini, fanya hiyo iwe gharama yako ya kwanza. Na kama tangi halishuki hata kidogo lakini ukuta unalowa, angalia maji yanayotoka badala ya yanayoingia. Bomba la maji machafu la bafu linavuja wakati wa kuoga tu. Ziba tundu la bafu kwa kitambaa ndani ya nailoni, mwaga ndoo mbili, weka alama ukingoni na uache saa kadhaa: maji yakishuka, sakafu ya bafu ndiyo inavuja; yasiposhuka, mshuku hilo bomba la maji machafu.

Hatua ya 4: Bandua

Bandua lipu hadi futi moja juu ya mwisho wa doa, mpaka tofali zionekane. Ule unga mweupe ni chumvi, uondoe kwa brashi ya waya, pakavu. Usiuoshe, kwa sababu maji yanaiyeyusha na kuirudisha ndani, na ikikauka inatoka tena na kuisukuma rangi.

Hatua ya 5: Kausha, na uwe mvumilivu

Fundi anayekuja na lipu siku ileile ambayo bomba limezibwa anakuuzia kazi ya mwakani. Fungua madirisha mchana wa jua, washa feni ielekee ukutani. Siku za mvua hewa ya Dar yenyewe imelowa, kufungua dirisha hakusaidii.

Namna ya kujua: kata nailoni angavu nusu mita kwa nusu mita, ibandike kwenye tofali kwa selotepu pande zote nne, uiache siku nzima na usiku wake. Ukikuta umande kwa ndani, bado. Sisi tulisubiri wiki tatu, na nailoni ya kwanza na ya pili zote zilitoka na matone. Mama mdogo alichoka kuona tofali sebuleni akatundika kanga, nikaitoa, akanuna.

Hatua ya 6: Sasa piga hesabu

Pima kwa futi kamba na uandike kwenye daftari. Ukuta wa sebule tulibandua mita 4 kwa 1.2, wa korido mita 3 kwa 1.2, jumla mita za mraba 8.4. Lipu ya milimita 15, saruji moja kwa mchanga nne, mfuko wa kilo 50 unakupa kama mita za mraba 8. Mchanga ulihitajika ndoo nane hivi za lita 20. Uwe wa mtoni, maana wa ufukweni unakuja na chumvi yake na utarudi hatua ya 4. Fundi akikwambia mifuko sita kwa eneo kama hilo, muulize mingine anajenga wapi.

Rangi lita moja inafunika mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Usihesabu kiraka peke yake, rangi mpya haitafanana na ya zamani, utapaka chumba kizima. Hapa ndipo watu wanapoduwaa. Bei zetu zilikuwa hivi:

- Bomba: 60,000
- Saruji mifuko 2 (mmoja na wa akiba): 32,000
- Mchanga na guta: 20,000
- Fundi lipu siku 2: 70,000
- Saidia fundi siku 2: 40,000
- Kutoa kifusi: 15,000
- Skimu (unga wa kulainisha ukuta kabla ya rangi) mfuko 1: 28,000
- Praima ya kuzuia chumvi, lita 4: 45,000
- Rangi ya maji, makopo 3 ya lita 4: 114,000
- Fundi rangi siku 2: 70,000

Jumla 494,000. Bei ya kwako itatofautiana, ila angalia uwiano wake: ugonjwa wenyewe ulikuwa 60,000, na 434,000 ni makovu. Ongeza asilimia 15 ya dharura. Sijahesabu ile 50,000 ya shimo, hiyo nililipa mimi kwa aibu.

Lipu mpya imwagilie maji siku saba, kisha iache ikauke wiki nne ndipo upake. Usikubali rangi ya mafuta "ili maji yasionekane". Inafungia unyevu ndani, nao unatafuta njia juu zaidi. Kufunika kwa tailizi ni hivyo hivyo.

Hatua ya 7: Malipo

Nunua vifaa mwenyewe, mlipe fundi kazi tu, kwa awamu: lipu ikiisha, rangi ikiisha. Kiasi kidogo kibaki mpaka mwezi upite. Mafundi wenzangu watanichukia, lakini hata mimi Mama mdogo alinifanyia hivyo.

Ile fito bado iko nyuma ya mlango wa jiko na alama zangu za kalamu. Bili ya maji ikipanda tu, anampandisha ngazi mjukuu yuleyule aliyeflashi.