Picha ya ajabu ikiingia kwenye grupu: namna ya kuitafutia kwao

Kabla hujaandika "duh!" na kuisukuma mbele, angalia juu ya picha. Ikiwa na vimishale viwili, WhatsApp inakwambia imeshapita mikono mitano au zaidi. Si lazima iwe ya uongo. Ila aliyekutumia naye katumiwa, kwa hiyo kumuuliza kaitoa wapi ni kumhangaisha bure.

Nina duka la kutoa kopi na kusafisha picha, na wateja wakisubiri mashine hunisogezea simu: "Hebu cheki, hii ni kweli?" Inayorudi kila mara ni ya Ziwa Natron. Furukombe kakaa juu ya tawi, mweupe kama kapakwa chokaa, kakauka kichwa hadi kucha. Chini pameandikwa kwamba Tanzania kuna ziwa linalogeuza viumbe kuwa mawe, ukigusa maji umekwisha. Tuifanyie kazi hiyo hiyo.

Ihifadhi kwenye simu, kisha kata maneno yote yaliyobandikwa juu yake, yabaki ndege na tawi. Usipofanya hivyo utaletewa lundo la picha zenye maneno yale yale. Fungua Google, bonyeza alama ya kamera pale pa kutafutia, ipakie. Majibu ya mwanzo usiyaamini haraka, mengi ni kurasa zilizonakiliana. Ndiyo maana naipeleka pia TinEye, tovuti nyingine ya kutafutia picha, ambako unaweza kupanga matokeo kuanzia ya zamani zaidi. Hilo la zamani ndilo la kufungua. Ukikosa kabisa, igeuze picha kulia iwe kushoto ujaribu tena, maana wapo wanaozigeuza makusudi zisitambulike. Na usimalize bando ukitafuta tarehe na mahali ndani ya faili: WhatsApp huwa imeshayafuta maelezo hayo njiani.

Ukifuata njia hiyo kwa furukombe wetu utafika mwaka 2013, kwa mpiga picha Mwingereza anayeitwa Nick Brandt. Aliwaokota ndege na popo ufukweni wakiwa wameshakufa na kukaushwa na chumvi za ziwa, akawaweka juu ya matawi na mawe kana kwamba wako hai, akapiga. Kwa hiyo picha ni halisi, tawi ni halisi, ndege ni halisi. Uongo uko kwenye yale maneno mawili matatu ya chini. Kwa ninavyoona mimi, aina hii ndiyo inayowapata watu wengi kuliko picha za kutengenezwa, kwa sababu ukiivuta karibu kutafuta kasoro huioni.

Hatua ya mwisho ni kuuliza: kama maneno haya ni kweli, tungeona nini kingine? Heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana hapo hapo Natron, makundi kwa makundi, na hawageuki mawe. Ngozi ya miguu yao ni ngumu, maji yale hayawaunguzi. Kinachokausha mizoga ni magadi, ndugu wa haya tunayotia kwenye maharage, na Wamisri wa kale walikaushia maiti zao chumvi ya namna hiyo. Sehemu ya magadi hayo asili yake ni volkano za jirani. Oldoinyo Lengai, upande wa kusini wa ziwa, hutoa lava nyeusi yenye sodiamu nyingi ambayo ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe. Ukitumiwa picha ya "theluji" kileleni kwake, unajua pa kuanzia.

Kujibu nako kuna adabu yake. Mtu mzima haumbuliwi mbele ya wakwe zake. Kama ni tangazo la dawa au la kutuma pesa, sema palepale kwenye grupu kabla mtu hajaliwa. Mengine yapeleke inbox, na usianze na "si kweli". Anza na salamu, halafu mpe kisa. Mimi shangazi nilimwandikia: "Shikamoo shangazi. Yule ndege nimempata kwao, kuna Mzungu alimwokota ameshakufa akamkalisha kwenye tawi. Ziwa lenyewe limejaa magadi."

Akajibu: "Marahaba mwanangu. Hayo magadi wanauza kwa kilo?"