Kabla hujaikimbilia bloku kubwa
Una Chevrolet ya zamani na unataka kuifufua injini? Nguvu za farasi ziache kwanza, anza na mizani. Bloku kubwa, yaani injini ya V8 yenye mwili mkubwa, ya inchi za ujazo 454 (lita 7.4), ya chuma tupu, inaizidi bloku ndogo ya 350 (lita 5.7) kwa takriban kilo 50, na mzigo huo unakalia magurudumu ya mbele. Hapo utabadilisha springi, utatafuta rejeta kubwa zaidi, na unywaji wa mafuta tusiutaje. Kwa pikapu la kuvuta trela zito, sawa, haki yake.

Gari la matembezi mimi naliwekea 350. Ipo tangu 1967 na vipuri vyake huko Marekani ni tele na bei nafuu. Ukitaka nguvu zaidi, chonga silinda zipanuke inchi 0.030, weka kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) yenye mwendo wa pistoni wa inchi 3.75, unapata injini ya inchi za ujazo 383. Ila ukiokota kranki kuukuu ya bloku ndogo ya 400, shingo zake kuu (sehemu zinazokaa kwenye beringi za bloku) ni nene mno kwa bloku ya 350. Fundi azichonge kwanza. Na bloku ipimwe kabla hujalipa: ikiwa silinda zilishachongwa hadi inchi 0.060, tafuta nyingine.