Jinsi ya kuibana simu ili malengo ya semista yasikufie mkononi

Wadogo zangu wa vyuo vya Dodoma, mlioko UDOM, Mipango, CBE, St. John's na nyie mliopanga mageto huko Ng'ong'ona, naumia sana kuona mtu anaingia semista na malengo mazuri kabisa, GPA ipande, ajifunze kompyuta, bumu (hela ya mkopo) likiingia aanzishe kabiashara, alafu UE, mtihani wa mwisho wa semista, inafika hajagusa hata kimoja na ukimuuliza anasema ratiba ilimbana.

Kabla hujajiapiza chochote angalia kwanza muda unaenda wapi. Ingia settings, kwenye Android tafuta Digital Wellbeing, kwenye iPhone ni Screen Time, utaona kila app imekula masaa mangapi. Chukua wastani wa siku upige hesabu. Masaa 4 kwa siku ya TikTok na status za watu, kwa semista ya wiki 15, ni masaa 420. Sasa kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kredit moja ni masaa 10 ya kusoma, kwahiyo kozi ya kredit 10 ni masaa 100, lekcha na assignment humohumo. Yaani umeskroli kozi nne na chenji imebaki. Hiyo namba iandike kwenye daftari.

Pembeni yake andika lengo, ila lengo liwe na saa na mahali. "Nataka GPA ipande" haikusaidii kitu. "Jumatatu mpaka Alhamisi saa 1 usiku hadi saa 3, maktaba, maswali ya takwimu" hiyo inafanyika, na hapo ndo unajua simu isiwepo saa ngapi, maana kuiacha siku nzima huwezi na wala sio lazima, CR, kiongozi wa darasa, anatuma kwenye grupu kwamba venue imebadilika, mama anapiga kutoka Kondoa na hela inaingia humohumo.

Kwenye hayo masaa mawili simu ibaki chumbani. Kuifunika tu mezani hakutoshi, bado akili inaisikilizia.

Najua mtakachosema, notsi ziko kwenye simu. Hapa ndo wengi wanapokwama, hasa wasio na laptop. Mtu anafungua PDF ya mwalimu, ukurasa wa pili juu ya skrini inashuka meseji ya grupu, anaigusa, anajibu, anaona status ya rafiki, ndani ya status kuna linki ya video, anakuja kushtuka chaji imeisha na bado yuko ukurasa wa pili. Dawa ni mbili. Ya kwanza, slaidi za mada ngumu peleka steshenari zitolewe kopi, chagua zile unazohitaji kweli, usitoe zote. Ya pili, PDF zipakue mchana zote, ukikaa kusoma washa flight mode, usizime data tu maana kuirudisha ni kidole kimoja na utairudisha.

Kama unaogopa kukosa simu ya dharura, tafuta kitochi, ile simu ndogo ya batani, weka laini ya pili, namba wape nyumbani na rumeti basi. Kama huna uwezo huo, tumia Do Not Disturb, kwenye simu nyingi unaweza kuruhusu anayerudia kupiga ndani ya dakika 15 asikike. Magrupu yasiyo ya darasa yaweke mute ya kudumu. App inayokula muda zaidi iwekee kikomo cha dakika 30, kwenye Android ikifika hapo inafungwa mpaka usiku wa manane.

Na bando la usiku jamani acheni kulinunua kwa ajili ya video. Linaonekana rahisi ila kesho yake unaenda lekcha ya saa 1 asubuhi umelala nusu. Simu ichajiwe mbali na kitanda, alamu iwe kwenye hicho kitochi.

Mkiwa wanne chumba kimoja kubalianeni muda mmoja, simu zote ziingie begi moja na likae kwa asiye na mtihani wiki hiyo, anayetaka yake kabla ya saa 3 aseme anaenda kufanya nini. Jumapili jioni kila mtu afungue zile namba mlinganishe na za wiki iliyopita, kama hazijashuka ongezeni siku moja kwenye ratiba ya begi.