Siku tatu Chicago kwa mfuko mwembamba, ukiwa peke yako

Chicago nimeshakwenda mara tatu, mara zote peke yangu. Safari ya kwanza niliubana mfuko mpaka nikarudi Dar bila kuona kitu nilichokifuata. Sasa nabana kwingine kote ili pesa niziachie mahali pamoja: kwa simba wa Tsavo, Kenya, waliohifadhiwa kwenye makumbusho ya Field Museum.

Hatua ya 1: Kitanda kwanza

Tafuta hosteli ndani ya Loop, katikati ya jiji, ambako njia karibu zote za treni hukutana. Kitanda cha pembeni ya mji kinaweza kuwa nafuu kidogo, lakini unafuu huo utaulipia kwa kusubiri treni usiku, upepo wa Ziwa Michigan ukikupiga usoni. Chagua chumba cha vitanda vya deka na uhakikishe kuna jiko la wageni. Chapisha karatasi ya malipo yenye anwani, kwa sababu afisa wa uhamiaji anaweza kukuuliza unafikia wapi.

Halafu beba kufuli. Mimi sikubeba, nikalala pochi ikiwa ndani ya foronya, na kila jirani alipojigeuza nami nikaamka.

Januari bei za vitanda hushuka, ila baridi yake si ya kufanyia ushujaa. Mimi nachagua Septemba.

Hatua ya 2: Kutoka uwanja wa ndege wa O'Hare

Ndege nyingi za kutoka nje hushusha abiria Terminal 5. Teksi zipite. Panda kitreni cha bure cha uwanjani hadi Terminal 2, kisha fuata mabango ya treni za mjini. Unayoitaka ni Blue Line: inatembea saa 24, na hadi Loop ni kama dakika 45. Nauli ya kupandia O'Hare ni kubwa kuliko ya stesheni za kawaida. Pasi ya siku haina nyongeza hiyo, kwa hiyo inunue kwenye mashine kabla hujapita geti, nayo itakupandisha treni na mabasi ya jiji siku nzima.

Hatua ya 3: Vya bure

Anza na Chicago Cultural Center, maktaba ya zamani iliyofunguliwa 1897. Hakuna kiingilio, panda ngazi ukaangalie kuba la vioo vya rangi vya kampuni ya Tiffany. Ukivuka barabara uko Millennium Park, penye lile "haragwe" la chuma linalong'aa kama kioo. Kwa mtu wa peke yake ni msaada: unajipiga picha bila kumkabidhi mpita njia simu.

Boti za kuonyesha majengo ni ghali. Badala yake panda Brown Line ukae dirishani. Inazunguka Loop juu ya nguzo za chuma, ikipita karibu na maghorofa kiasi cha kumwona mtu ofisini akinywa chai yake. Pasi yako inatosha.

Hatua ya 4: Tumbo

Maji ya bomba yanyweke, kwa hiyo beba chupa. Asubuhi pika hosteli. Ukinunua kitu dukani, bei iliyobandikwa si ya mwisho: kodi huongezwa kwenye malipo, na kwa bidhaa nyingi inazidi asilimia 10. Mgahawani ukihudumiwa mezani, weka bakshishi ya asilimia 15 hadi 20. Ukiona nyingi, nunua chakula cha kuondoka nacho.

Ukikumbuka biriani na chapati, panda Red Line hadi Loyola, kisha basi namba 155 hadi Devon Avenue kwenye maduka ya Wahindi na Wapakistani. Mtaa wote unanuka iliki.

Hatua ya 5: Fungua pochi

Field Museum inatoza wageni takribani dola 30. Lipa, na ufike asubuhi ili ukae mpaka miguu ichoke. Kutoka Loop unaweza kwenda kwa mguu kupitia Grant Park.

Wamo simba wawili waliokuwa wakila wajenzi wa reli Tsavo mwaka 1898, hadi Patterson, msimamizi wa ujenzi wa daraja la reli hiyo, alipowaua. Ngozi zao alizifanya mazulia kwa miaka 25 hivi, ndipo akaziuzia makumbusho haya kwa dola 5,000. Kwa kuwa zilikwishakatwakatwa, simba unaowaona ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Ni madume, lakini hawana manyoya ya shingoni. Nilisimama karibu nusu saa. Mtoto mmoja alimwuliza mama yake Tsavo ni wapi, mama hajui, basi nikaeleza mimi.

Hatua ya 6: Kurudi

Blue Line ileile. Ile nyongeza ya O'Hare hutozwa kwa anayepandia pale tu, kwa hiyo siku ya kuondoka usinunue pasi; nauli ya kawaida inakufikisha hadi uwanjani.