Kupiga Mbizi kwa Mtungi kwa Miaka Mingi: Mwongozo kwa Anayeanza

Mwaka 2018 Ray Woolley, mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akiishi Kupro, alipiga mbizi hadi kwenye meli Zenobia, iliyozama mwaka 1980 nje kidogo ya bandari ya Larnaca. Alikuwa na umri wa miaka 95, na kwa mbizi hiyo aliweka rekodi ya mzamiaji mwenye umri mkubwa zaidi duniani wakati huo. Mwongozo huu haumwandai mtu kwa rekodi ya namna hiyo. Unamlenga mtu mzima mwenye kazi na familia, anayetaka kuanza kuzamia kwa mtungi wa hewa katika pwani ya Afrika Mashariki, na ambaye angependa bado awe anazamia baada ya miaka 20 au 30. Kwa maoni yangu, wengi huacha mapema kwa sababu zinazoepukika: walijifunza kwa haraka, walikimbilia kina kabla ya kutulia majini, kisha wakakaa muda mrefu bila kuzamia na woga ukawaingia.

Kabla ya kulipia kozi

Jambo la kwanza ni afya. Kila mwanafunzi hupewa fomu ya maswali ya kitabibu, na baadhi ya majibu humlazimu kupata idhini ya daktari kabla ya kuingia majini. Wako wanaojaza "hapana" kila mahali ili wasipoteze siku ya likizo, na huo ni ujinga mtupu, kwa kuwa pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au pafu lililowahi kutoboka haviponi kwa kufichwa. Mwenye hali kama hizo asikate tamaa kabla ya kupimwa, maana baadhi huruhusiwa kwa masharti. Mjamzito yeye huahirisha hadi baada ya kujifungua.

Jambo la pili ni kuogelea. Kozi ya awali ya PADI, shirika la mafunzo lililoanzishwa Marekani mwaka 1966, humtaka mwanafunzi aogelee mita 200 bila kuwekewa muda, kisha aelee kwa dakika 10 bila kushika kitu. Anayetoka bara na hajazoea maji ni afadhali atumie miezi michache katika bwawa kwanza, kwa sababu mtu anayehangaika juu ya maji hatatulia chini yake. Kozi yenyewe huchukua siku 3 au 4 na hutoa cheti cha kuzamia hadi mita 18. Ukiweza, lipia siku moja ya ziada ya mazoezi. Unapochagua kituo, uliza mwalimu mmoja atakuwa na wanafunzi wangapi, kama botini kuna oksijeni ya huduma ya kwanza na chombo cha mawasiliano, na chumba cha mgandamizo cha kutibia wazamiaji kilicho karibu kiko wapi. Kituo kizuri hujibu maswali haya papo hapo.

Pumzi, masikio na kupanda

Mtungi wa burudani hubeba hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, wala si oksijeni tupu kama wengi wanavyodhani. Kifaa cha kupumulia huitoa hewa hiyo kwa mgandamizo ulio sawa na wa maji yanayomzunguka mpiga mbizi, utaratibu uliofanikishwa na Wafaransa Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan mwaka 1943. Juu ya bahari mgandamizo ni bar 1 (bar ni kipimo cha mgandamizo), na kila mita 10 za kushuka huongeza bar 1 nyingine, hivyo katika mita 10 ni bar 2 na katika mita 30 ni bar 4. Hewa iliyovutwa katika mita 10 hutanuka mara mbili ikifika juu. Kwa hiyo, anayepanda huku amebana pumzi anaweza kujeruhi mapafu yake hata kama amepanda mita chache tu.

Hapa wenyeji wa pwani wana la kuangalia zaidi. Aliyekulia Jambiani, Lamu au Mafia akizamia pweza na makome kwa pumzi yake mwenyewe huingia kozini akiwa na utulivu ambao mgeni huuonea wivu, lakini pia huja na mazoea ya miaka mingi ya kubana pumzi tangu anapoinama hadi anapoibuka. Bila mtungi mazoea hayo hayana ubaya, kwa kuwa hewa aliyoivuta juu husinyaa anaposhuka na kurudia ujazo wake wa mwanzo anapopanda. Akiwa na mtungi, mazoea hayohayo ni hatari. Dawa yake ni kutoa viputo vidogo mfululizo kila mara kifaa kinapotoka mdomoni, na kurudia zoezi hilo katika maji ya kifuani mpaka mwili ulifanye wenyewe bila kuamrishwa.

Masikio ndiyo huamua mtu atazamia kwa miaka mingapi, nami sioni yakipewa uzito unaostahili. Shuka miguu ikitangulia, ukishika kamba ya nanga au ya boya. Bana pua na usukume pumzi taratibu dhidi yake, au bana pua na umeze mate. Anza kabla hujaondoka juu, na urudie karibu kila mita, kabla ya maumivu kuanza. Yakianza, panda mita moja, tulia, ujaribu tena, wala usisukume kwa nguvu. Mwenye mafua asizamie, hata kama amemeza vidonge vya kufungua pua, kwa sababu nguvu ya dawa inaweza kuisha akiwa chini na hewa ikakwama wakati wa kupanda. Kuahirisha kunaudhi, hasa ukiwa umekwisha kulipia boti, lakini ngoma ya sikio ikipasuka utakaa nchi kavu kwa wiki nyingi.

Wakati wa kupanda usizidi mita 9 kwa dakika, na usimame dakika 3 katika mita 5. Naitrojeni ya hewani iliyoyeyuka mwilini wakati wa kuzamia huhitaji muda wa kutoka kupitia mapafu. Mgandamizo ukipungua ghafla, hufanya viputo kama soda iliyofunguliwa kwa pupa, na viputo hivyo huweza kuleta maumivu ya viungo, ganzi, kupooza na hata kifo.

Kina si cheo

Chukua mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200, na utenge bar 50 ambazo haziguswi isipokuwa kwa dharura. Zinabaki bar 150, yaani lita 1,800 za hewa. Mtu anayepumua lita 20 kwa dakika akiwa juu atatumia lita 40 kwa dakika katika mita 10, na hewa yake itatosha dakika 45. Katika mita 30 atatumia lita 80 kwa dakika, na baada ya dakika 22 hivi atakuwa ameishiwa na sehemu yake halali. Isitoshe, katika mita 30 majedwali ya PADI yanamruhusu dakika 20 tu kabla ya kulazimika kusimama njiani ili kutoa naitrojeni, ilhali katika mita 18 yanampa dakika 56. Kuanzia kina cha mita 30 hivi, naitrojeni pia huanza kulevya, na rangi nyekundu huwa imekwisha kupotea.

Matumbawe yenye rangi nyingi, pono, mikunga na kasa wanaolisha huonekana vizuri katika mita 6 hadi 18, mahali penye mwanga. Cheti cha pili huruhusu mita 30, na mpaka wa uzamiaji wa burudani ni mita 40. Ni vyema kukipata cheti hicho cha pili, kwa kuwa hufundisha dira na kudhibiti mwelekeo, lakini idadi ya mita isiwe kipimo cha ustadi. Kipimo changu ni kama mtu anaweza kukaa sentimita 50 juu ya mwamba kwa dakika nzima, bila kupunga mikono wala kugusa tumbawe.

Uwezo huo hutegemea uzito. Wanaoanza hufungwa vipande vya risasi, yaani madini mazito ya kuwasaidia kuzama, vingi kupita kiasi kiunoni, kisha hujaza hewa nyingi katika jaketi la kuelea ili kufidia, na hewa hiyo hubadilika ujazo kila wanapopanda au kushuka. Jipime mwisho wa mbizi, mtungi ukiwa na bar 50: katika mita 5, jaketi likiwa karibu tupu, unapaswa kuning'inia bila kuzama wala kupanda. Ukizama, punguza kilo moja safari ijayo.

Pepo, mwezi na maji

Kaskazi huvuma takriban kuanzia Novemba hadi Machi, na kwa wazamiaji huo ndio msimu wa maji ya joto na safi. Kusi huja baada ya masika na huleta mawimbi. Vituo vingi vya Watamu na Diani hupunguza shughuli au hufungwa kwa muda katika miezi yake mikali. Mafia wana njia ya kati: wakati wa kaskazi boti hutoka nje ya mwamba, na wakati wa kusi hubaki ndani ya Ghuba ya Chole, katika eneo la hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Papa potwe, anayefuatwa na wageni wengi kisiwani humo, huonekana zaidi kati ya Oktoba na Februari, naye hutazamwa kwa miwani na neli tu, bila mtungi.

Mwezi nao una neno lake. Katika bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu hufikia takriban mita 4, na maji yote hayo hupita kwa kasi katika milango ya miamba. Anayeanza achague siku za maji mafu, yaani za katikati ya bamvua mbili, ambapo maji hayajai wala kupwa sana. Kwenye Mlango wa Kinasi huko Chole, wazoefu huingia maji yakiwa yanajaa, kwa sababu mkondo huleta maji safi ya bahari kuu na kumsukuma mtu kuelekea ndani ya ghuba. Maji yakipwa, mkondo huohuo humpeleka nje. Mambo haya nahodha aliyelelewa hapo huyajua bila jedwali, na akisema tusiingie, usibishane naye.

Vifaa na daftari

Nunua miwani ya kuzamia kwanza. Iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua. Ikishika bila kuanguka, inakufaa. Kifuatacho ni kompyuta ya mkononi, inayohesabu kina, muda na naitrojeni, kwa sababu kompyuta ya mwenzako haijui mwili wako ulipita wapi. Suti ya mpira ya milimita 3 hutosha kwa wengi katika maji yetu. Mtungi, jaketi na kifaa cha kupumulia endelea kuvikodi hadi utakapokuwa unazamia mara nyingi kila mwaka, maana vinahitaji matengenezo ya mara kwa mara na mafundi wake ni wachache.

Anayeishi Dodoma, Kampala au Nairobi hatazamia kila wiki. Ajiwekee angalau safari moja kila mwaka, na kama miezi 6 imepita, siku ya kwanza aitumie katika maji mafupi kurudia kutoa maji kwenye miwani, kurudisha kifaa mdomoni na kupumua kwa kifaa cha mwenzake. Cheti hakiishi muda, na huo ndio mtego wake. Andika kila mbizi katika daftari: kina, muda, hewa iliyotumika, kilo za risasi, joto la maji na ulichokiona. Daftari la miaka mingi huwa pia na thamani nje ya burudani. Joto la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya magharibi ya Bahari ya Hindi, na mtu aliyezamia mwamba uleule kabla na baada ya tukio hilo anajua kilichopotea.

Wa bara wanasahau jambo moja. Baada ya siku za kuzamia mara kwa mara, subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na kanuni hiyo inahusu mwinuko wowote mkubwa, kwa kuwa mgandamizo wa hewa hupungua huko juu huku mwili ukiwa bado na naitrojeni. Treni ya Mombasa hadi Nairobi humfikisha abiria kwenye mwinuko wa takriban mita 1,600 kwa saa 5 au 6 hivi, na asiyekumbuka hilo anaweza kuzamia Diani asubuhi na kuwa milimani jioni. Wanaounganisha Zanzibar na Kilimanjaro ni bora waanze na mlima.

Umri ukisogea

Baada ya miaka 45 pima moyo na shinikizo la damu kabla ya msimu, kwa sababu maradhi ya moyo ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya wazamiaji wenye umri mkubwa. Tembea, ogelea, kunywa maji ya kutosha. Ukiishiwa pumzi ghafla au kukohoa povu ukiwa majini, maliza mbizi hiyo mara moja na upewe oksijeni. Jifunze kutumia hewa iliyoongezwa oksijeni hadi asilimia 32, ambayo hupunguza naitrojeni mwilini, ingawa haifai kupita mita 34 hivi. Mwombe msaidizi apokee mtungi ukiwa bado majini, kabla hujapanda ngazi ya boti. Hakuna aibu katika hilo, na mgongo utakushukuru.

Mtoto anaweza kuanza kozi akiwa na miaka 10. Hadi atimize miaka 12 haruhusiwi kupita mita 12, naye huzamia pamoja na mzazi mwenye cheti au mwalimu. Kina hichohicho kinamfaa pia mzamiaji mwenye miaka 70, hivyo panga safari yao kwa kina cha mtoto, siku ya maji mafu, na umwache mtoto aongoze mwendo.