Namna ya kubishana kuhusu uchumi wa China kijiweni bila kuaibika

Wakuu salama, hii ni kwa wale wa vijiwe vya kahawa, kuanzia Mwanjelwa, Kabwe na Soweto za Mbeya mpaka Makambako na Miyomboni kule Iringa, maana kila jioni wakishamaliza Simba na Yanga mada inahamia kwa Mchina, na ubishi wenyewe unavyoendaga ni aibu tupu. Mmoja anasema Mchina kashaimaliza dunia, Mmarekani kwisha habari yake, mwingine anajibu Mchina ni feki tu, bati lake linapeperuka na upepo wa Uyole, basi hapo ni makelele mpaka kahawa inapoa na hakuna aliyeongeza kitu kichwani. Nawapa namna ya kubishana kiutu uzima, hata kama unaisifia China au unaiponda, utapata cha kushika.

Kabla hujafungua mdomo uliza kwanza, tunapima nini? Usicheke, nusu ya ubishi inaishia hapo hapo. China ni uchumi wa pili duniani tangu ilipoipita Japani mwaka 2010. Kwa hesabu za 2024 pato lake ni kama dola trilioni 18 na ushee, Marekani iko kwenye 29 hivi. Kwa hiyo anayesema China ni ya kwanza anakosea? Inategemea, maana ukipima kwa hela inanunua nini huko huko ndani (kunyoa nywele kule hakulingani bei na kunyoa New York) basi China ilishampita Mmarekani toka katikati ya miaka ya 2010. Alafu ukigawa kwa vichwa mambo yanageuka tena, Mchina mmoja anaangukia kama dola elfu 13 kwa mwaka na Mmarekani zaidi ya elfu 80, sisi hapa Tanzania tuko kwenye elfu moja na kidogo. Zote tatu ni kweli kwa wakati mmoja. Mtu akikurushia moja tu muulize hiyo ni ya jumla, ya bei za ndani au ya kichwa, utaona anavyoanza kukohoa.

Sasa hapa ndo penyewe, na hapa ndo wengi wanapotea. Watu wanakuja kijiweni na orodha mbili, ya uzuri na ya ubaya, wanarushiana kama mawe. Achana na hiyo. Ukitaka kumwelewa Mchina fuata hela, utakuta nguvu yake na udhaifu wake vimetoka mlango mmoja. Familia za kule zinaweka akiba sana, kwa sababu hospitali, shule ya mtoto na uzee kwa sehemu kubwa vinawategemea wenyewe, na wale mamilioni waliotoka vijijini kwenda kufanya kazi mijini wengi hawapati huduma za mji kama wenyeji maana wamesajiliwa kijijini kwao. Hizo akiba zinaenda benki, benki kubwa ni za serikali, serikali inasema hela iende barabarani, kwenye reli, umeme na viwanda. Ndo maana reli ya mwendokasi waliyoanza nayo 2008 leo ina zaidi ya kilomita elfu 45, na karibu theluthi ya bidhaa zote za viwandani duniani zinatoka kwao, na kwenye paneli za sola wameshika zaidi ya asilimia 80 ya mnyororo mzima. Ile sola uliyofunga kwenu Chunya unadhani imeshuka bei kwa maombi?

Lakini hela hiyo hiyo iliyoenda kwenye zege haikuenda mfukoni mwa mtu. Matumizi ya familia kule ni kama asilimia 40 tu ya pato la taifa, Marekani yanakaribia 70. Yani ni kama mzee wa Ileje anayejaza ghala la mahindi mpaka juu halafu nyumbani kwake ugali unapimwa kwa kijiko, lazima mahindi ayatafutie mteja nje. Ndo hapo sasa, mwaka 2024 walichouza nje kilizidi walichonunua kwa karibu dola trilioni moja, na dunia nzima inalalamika wanamwaga bidhaa. Kwa hiyo mtu akisema "viwanda vyao vinatisha" usimkatalie, mwambie ndio, na ndo maana wanategemea wengine wanunue. Na akisema "watu wao hawatumii" usimkatalie pia, mwambie ndio, na ndo kilichojenga ile reli. Ukiweza kuunganisha hivo umeshamaliza kazi kubwa.

Mfano mzuri kupita yote ni nyumba. Mchina wa kawaida hela yake akaiweke wapi? Soko la hisa haliamini, riba ya benki ni ndogo, kupeleka nje kuna kikomo cha dola elfu 50 kwa mwaka, basi ananunua nyumba, ya pili, ya tatu. Serikali za mikoa na miji nazo zikawa zinaishi kwa kuuza ardhi kwa wajenzi, wajenzi wanakopa na kuuza ghorofa kabla hazijajengwa, kila mtu anafurahi. Miaka mingi hiyo ilihesabika kama ukuaji na ulikuwa ukuaji kweli, vibarua walilipwa, saruji iliuzika, vyuma viliuzika. Mwaka 2020 wakubwa wakaona deni limezidi wakawabana wajenzi kukopa, mwishoni mwa 2021 Evergrande ikashindwa kulipa, kampuni ya ujenzi yenye madeni zaidi ya dola bilioni 300, na Januari 2024 mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe. 2022 kuna wanunuzi waligoma kulipa mikopo ya nyumba ambazo hazijaisha kujengwa. Bei zimeshuka, na mtu akiona nyumba yake imeshuka thamani anabana matumizi zaidi, tunarudi kule kule kwenye ugali wa kupimwa.

Na hilo linatufikia mpaka huku. Zaidi ya nusu ya chuma cha dunia kinayeyushwa China, ghorofa zikisimama chuma hakina pa kwenda, kinauzwa nje, mwaka 2024 zaidi ya tani milioni 100. Kwa hiyo jamaa anayesubiri chuma cha Liganga kule Ludewa kwa hamu ajue anasubiri kushindana na nani. Hii point ukiitoa Njombe utasikilizwa, jaribu.

Kuna mtu lazima ataleta ya "takwimu zao za uongo". Usiiruke, ina ukweli ndani yake ila itumie kwa akili. Li Keqiang, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu, mwaka 2007 akiwa kiongozi wa chama jimbo la Liaoning alimwambia balozi wa Marekani kwamba takwimu za pato la jimbo ni za kutengenezwa, yeye anaangalia umeme uliotumika, mizigo ya reli na mikopo ya benki. Maneno ya ndani hayo, yalivuja baadae. Na Agosti 2023 walisitisha kutoa namba ya vijana wasio na ajira baada ya kufika asilimia 21.3 mwezi Juni, wakarudi nayo Januari 2024 kwa hesabu mpya isiyohesabu wanafunzi, ikawa imeshuka. Lakini usiende mbali ukasema kila kitu ni uongo, maana treni unaiona, meli za mizigo zinahesabiwa na nchi zinazozipokea, na Benki ya Dunia inakubali watu kama milioni 800 wametoka kwenye umaskini wa kutupwa ndani ya miaka 40 hivi tangu kiongozi wao Deng Xiaoping afungue milango 1978. Takwimu ikitiliwa shaka fanya alivyofanya Li, tafuta kitu kinachoshikika.

Mwingine ataleta "vitu feki". Huyu mpe dakika mbili tu. Mfanyabiashara akienda Guangzhou akaagiza ya bei chee anapewa ya bei chee, kiwanda cha jirani kinaunganisha iPhone. Tecno, Infinix na Itel zote ni za kampuni moja ya Shenzhen. Na mkumbushe kwamba Boxer na TVS anazopandaga kila siku ni za Mhindi, sio kila pikipiki ni Mchina.

Wazee nao wana TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Mzee aliyeona reli inajengwa atakwambia Mchina alikuwa tajiri toka zamani, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, 1970 mpaka 1975, mkopo hauna riba. Hapa heshima kwanza, unaanza na "shikamoo mzee wangu, hapo kwenye reli umesema kweli tupu", usimkatishe, halafu taratibu unamwambia kwamba miaka ile China yenyewe ilikuwa maskini, watu wake wanapanga foleni ya mgao wa chakula, ile reli ilikuwa siasa na urafiki wa Mwalimu na Mao, haikuwa dalili ya uchumi mkubwa. Uchumi umekuja baada ya hapo, hasa walipoingia Shirika la Biashara Duniani mwishoni mwa 2001. Ndo maana safari hii ya kuifufua, makubaliano yaliyosainiwa Beijing Septemba 2024, lugha ni ya uwekezaji na faida. Mzee atanuna kidogo kisha atakuongezea hadithi ya Wachina wa kambi za Mlimba, msikilize, utajifunza zaidi yake.

Hoja nzito ya upande wa kuponda ni watu, na ajabu wengi hawaitumii. Idadi yao ilianza kupungua 2022, 2023 India ikawapita, watoto waliozaliwa 2016 walikuwa kama milioni 17 na kitu, 2023 milioni 9 tu. Sheria ya mtoto mmoja waliifuta, wakaruhusu wawili, 2021 watatu, watu hawazai. Toka Januari 2025 wameanza kusogeza umri wa kustaafu. Anayeitetea China atajibu roboti na elimu, jibu sio baya, ila muulize roboti atanunua nini dukani.

Ukitaka mada iwe na maana kwa wakulima pale kijiweni ilete kwenye parachichi. Novemba 2022 wakati wa ziara ya Rais Samia kule Beijing tulisaini parachichi letu liingie China. Mtu wa Rungwe au Njombe hana shida na treni yao, shida yake ni huyo Mchina wa kawaida ana hela ya kula tunda la kutoka Tukuyu au anaiweka benki. Hapo hata aliyekuwa kimya anaanza kuchangia.

Mwisho, kabla ya kuondoka wekeana dau na mwenzako kwa kitu kinachopimika. Usiseme "China itaanguka" wala "China itatawala", hizo hazina siku. Sema ndani ya miaka mitano matumizi ya familia yatapanda kutoka hapo kwenye 40 au hayatapanda, au ukuaji utabaki karibu na ile asilimia 5 waliyojiwekea 2023 mpaka 2025 au utashuka chini ya 4. Muuza kahawa aandike kwenye daftari lake la madeni, na anayeshindwa analipia kijiwe kizima, kashata zikiwemo.