Mkanda wa kauri: kukata mgongo ndiyo kazi yenyewe

Hapa Bukavu wengi huagiza mkanda wa kauri, yale makombe madogo ya baharini, kwa ajili ya siku ya mahari, uvaliwe juu ya kitenge. Wanaojaribu kuushona wenyewe nyumbani hukimbilia sindano. Sindano ni ya mwisho.

Kununua. Kauri ni konokono wa bahari, anaishi kwenye matumbawe ya Bahari ya Hindi na Pasifiki. Usimtafute Ziwa Kivu. Makombe yanayotufikia yamepanda kutoka pwani. Utaonyeshwa aina mbili: yenye mabega yaliyovimba na rangi ya manjano (Monetaria moneta), na laini yenye pete ya dhahabu mgongoni (Monetaria annulus). Hiyo ya pete ndiyo wafanyabiashara wa Hamburg waliyoibeba kwa shehena kutoka Zanzibar katika karne ya 19, ikatumike kama pesa Afrika Magharibi. Muuzaji akikupandishia bei kwa ajili ya pete, mwachie. Mgongo tutaukata, na pete itakwenda nao.

Chunga za plastiki. Ni nyepesi, hazina ubaridi mkononi, na meno ya mdomo (ule ufa wa upande wa chini) yanafanana yote. Ukibaki na shaka, dondoshea siki juu ya moja iliyovunjika: ya kweli hutoa mapovu kwa sababu ni chokaa. Kwa sababu hiyohiyo usizioshe kamwe kwa siki wala ndimu, na javeli, dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, iache kwa nguo. Maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki vinatosha. Vanishi pia sipaki. Konokono akiwa hai hulifunika gamba lake kwa nyama yake, ndiyo maana linang'aa lenyewe.

Kwa kiuno cha sentimita 80, kauri za sentimita 2 zikilala kwa urefu ni 40. Nunua 46, maana zitavunjika.

Kukata mgongo. Kauri nzima ikishonwa hubingirika na uzi hauna pa kupita. Kwa hiyo tunaondoa nundu ya juu ili ilale bapa, mdomo ukitazama watu. Kuna wanaogonga kwa nyundo. Ni haraka, lakini ukingo unabaki na ncha kali zinazokata uzi kidogo kidogo, na mkanda unamwagika mbele ya wakwe. Mimi nasugua. Weka jiwe la kunolea ndani ya beseni lenye maji, shika kauri mdomo ukiwa juu, sugua mgongo kwa kuzungusha. Kwanza litatokea tundu dogo, kisha litapanuka. Simama pale kauri inapokaa mezani bila kuyumba. Ukiendelea zaidi, kuta zinakuwa nyembamba na midomo miwili inaachana. Malizia ukingo kwa msasa laini, nao ukiwa umelowa. Maji hayo si mapambo: vumbi la kauri linaumiza mapafu, na maski peke yake haitoshi.

Kushona. Tumia kitambaa kigumu, jinzi iliyokunjwa mara mbili, na uzi wa nailoni. Chora mstari kwa chaki. Sindano itoke nje kidogo ya ncha ya kauri, uzi ulale kwenye mfereji wa ncha hiyo, uingie mdomoni, ushuke hadi upande wa nyuma. Rudia mara mbili, kisha fanya ncha ya pili. Uzi utajificha katikati ya meno. Funga fundo kila baada ya kauri tano. Uzi ukikatika, utapoteza tano tu.

Mkanda ndiyo, kofia hapana. Kwa Warega wa Mwenga na Shabunda, kofia yenye kauri inaweza kuwa alama ya cheo cha Bwami, chama chao cha jadi chenye madaraja, na ile yenye mkia wa tembo ni ya kindi, daraja la juu kabisa. Wabelgiji waliipiga Bwami marufuku mwaka 1948, lakini heshima ya vitu vyake haikufutwa na karatasi. Mteja akileta picha ya kofia kama hiyo, namtuma kwanza kwa wazee wa ukoo wake. Wakati anawatafuta, namshonea mkanda.